Hojaji huandika "nzuri", haisubiri "ila"

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalogusa vyuo vyetu, mashirika yanayofanya tafiti vijijini, na magazeti yanayotangaza matokeo ya tafiti hizo. Siku hizi ni nadra kukuta tasinifu ya uzamili au ripoti ya mradi ambayo sura yake ya tatu haina sentensi hii: "Utafiti huu umetumia mkabala mseto." Maana yake ni kwamba mtafiti amekusanya takwimu kwa hojaji, na amekusanya pia maelezo kwa mahojiano au vikundi vya majadiliano. Ukifungua sura ya nne unakuta kurasa kumi na tano za majedwali, kisha kurasa nane za nukuu za wahojiwa, na hakuna hata aya moja ambamo nukuu imelijibu jedwali au jedwali limeipima nukuu.

Neno lenyewe limetoka jikoni. Mseto ni choroko na mchele katika chungu kimoja. Choroko hutangulia kwa sababu hukawia kuiva, mchele hufuata, na mwisho hupondwa pamoja hadi huwezi kuvitenga. Anayempakulia mgeni wali sahani hii na choroko sahani ile hajapika mseto, hata kama vyote vimeiva vizuri. Katika utafiti pia kazi nzito ni kuamua kipi kitangulie motoni na vikutane wapi. Tasinifu nyingi hazisemi lolote kuhusu hayo mawili.

Kwanza, kwa nini tujisumbue kuchanganya? Mtu wa kwetu ukimuuliza habari za nyumbani hujibu "nzuri" kabla ya lolote. "Nzuri, ila mtoto hakulala, homa." Lile "nzuri" si uongo, ni adabu ya kufungua mazungumzo, na habari yenyewe huja baada ya "ila". Sasa mpe mdodosaji kishikwambi chenye maswali 60 na kaya nane za kufikia kabla ya jua kuzama. Anauliza: "Je, unaridhika na huduma za zahanati?" Mama anajibu: "Tunashukuru." Mdodosaji anabonyeza "ninaridhika" na kuhamia swali la 34. Lakini "tunashukuru" ya mama huyo inaweza kuwa na maana kwamba huduma ni nzuri, au kwamba zahanati ipo tu na zamani haikuwepo, au kwamba hataki kumsema muuguzi ambaye ni jirani yake. Hizo ni habari tatu tofauti, na kwenye jedwali zote zimeingia katika asilimia ileile ya walioridhika.

Mahojiano ya kina huisubiri "ila". Ila mahojiano nayo yana upofu wake: watu 20 hawawezi kukwambia jambo hilo limewapata wangapi katika wilaya yenye maelfu ya kaya. Anayetegemea mahojiano peke yake huishia kuamini kwamba mhojiwa aliyesimulia vizuri zaidi ndiye wilaya nzima.

Nitachukua mfano mmoja niutembee nao: mahudhurio ya kliniki ya wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya malaria wa Tanzania wa mwaka 2022 uliwahoji wanawake 15,254 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Ulionyesha kwamba waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 65, kutoka asilimia 51 katika utafiti wa 2015-16. Waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81 katika muda huohuo. Takwimu hizi ni za thamani kubwa, na hakuna mahojiano ya kina yoyote yangeweza kuzitoa. Lakini zinatuacha na swali: mwanamke ambaye mwishoni atakwenda kituoni kujifungua, kwa nini anakawia kuanza kliniki, ilhali Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri aonwe kwa mara ya kwanza kabla ya wiki 12?

Hojaji ya kawaida itampa sababu za kuchagua: umbali, gharama, kukosa muda, kutojua. Atachagua mojawapo, kwa kuwa ndizo alizopewa. Tafiti za mahojiano zilizofanyika nchini zimetoa jambo ambalo halikuwa kwenye orodha hiyo. Katika baadhi ya vituo mwanamke huambiwa aje na mwenza wake siku ya kwanza ili wapime virusi vya UKIMWI pamoja. Asiye na mwenza, au ambaye mwenza yuko mbali au amekana mimba, hutakiwa alete barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kwa msichana wa miaka 18 barua hiyo ni tangazo la mimba kwa kijiji kizima. Anangoja mpaka tumbo limtangaze lenyewe. Angeulizwa na mdodosaji, angejibu "umbali", na mradi ungejenga zahanati ya pili.

Katika mfano huu hojaji inatangulia na mahojiano yanafuata kuieleza. Ndiyo njia inayowafaa wanafunzi wengi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kuna kanuni ya sampuli, ya kukokotoa wahojiwa wangapi wanatosha, ambayo kila mwanafunzi anaijua kwa jibu lake: 384. Namba hiyo hutoka kwenye kiwango cha uhakika cha asilimia 95, makosa ya asilimia 5 juu au chini na makisio ya nusu kwa nusu. Ni sahihi, kwa sharti kwamba kila mtu amechaguliwa peke yake kutoka orodha nzima ya wilaya. Hakuna anayefanya hivyo. Tunachagua vijiji kwanza, kisha kaya 20 katika kila kijiji, na watu wa kijiji kimoja hufanana: zahanati yao moja, barabara yao moja, mwenyekiti wao mmoja. Mfanano huo, kwa kipimo cha 0 hadi 1, ukiwa hata 0.05 tu, kila mhojiwa anapungua uzito. Chukua 20 utoe 1, zidisha kwa 0.05, ongeza 1, utapata 1.95. Wahojiwa wako 384 wana nguvu ya 197, na makosa yako ni karibu asilimia 7, si 5 uliyoiandika. Ukitaka 5 kwelikweli, zidisha 384 kwa 1.95, kisha gawanya kwa 0.9 kufidia wale mmoja kati ya kumi watakaokataa au wasiokuwepo. Utafika kaya 832, yaani karibu vijiji 42 vya kaya 20. Bajeti haitoshi? Kubali makosa ya asilimia 7 na uyaandike wazi: vijiji 22, kaya 440. Hilo ni afadhali mara mia kuliko kuandika 384 na kunyamaza.

Sasa daraja la kwenda kwenye mahojiano. Hapa ndipo wengi hukwama, na kosa lao walilifanya miezi mitatu nyuma. Hojaji zimejazwa bila alama yoyote ya kumrudia mhojiwa. Mtafiti anaona kwenye jedwali kwamba wanawake fulani wanaishi mita mia tano kutoka zahanati na bado walianza kliniki mwezi wa sita, anatamani kuwauliza, hawajui ni nani. Anaishia kuhoji wanawake wengine wowote aliowakuta kwenye foleni ya kliniki, ambao kwa kuwepo kwao pale tu ni watu tofauti.

Dawa yake ni ndogo. Katika fomu ya ridhaa ongeza mstari mmoja: "Je, unakubali turudi kwako kwa mazungumzo marefu baadaye?" Anayekubali hupewa namba, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye hojaji. Jina, kitongoji na simu vinakaa kwenye daftari jingine, kabati jingine, chini ya ufunguo wa mtu mmoja, na daftari hilo linaharibiwa kazi ikiisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatuwajibisha, na hata isingekuwepo, habari ya mimba na vipimo si habari ya kuzurura kwenye simu za wasaidizi wa utafiti.

Ukiwa na namba hizo, uchaguzi wa wahojiwa unafanywa na jedwali lenyewe. Gawa wanawake katika mafungu manne: anaishi karibu na aliwahi, karibu na alichelewa, mbali na aliwahi, mbali na alichelewa. "Karibu" uiwekee mpaka, tuseme kilomita 5. "Kuwahi" iwe kabla ya wiki 12, na tarehe uisome kwenye kadi ya kliniki badala ya kumtegemeza mama kwenye kumbukumbu. Mafungu yanayotarajiwa uyape wanawake wanne wanne. Mafungu ya ajabu, aliye karibu akachelewa na aliye mbali akawahi, uyape sita sita, maana huko ndiko kuliko na elimu. Jumla 20. Idadi hiyo haikuokotwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kutokana na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria ulionyesha kwamba karibu mada zote kuu zilikuwa zimejitokeza kufikia mahojiano ya 12. Mwingine wa mwaka 2017 ukaongeza kwamba mada huonekana mapema, hata kufikia mahojiano ya 9, lakini kuzielewa kwa kina kunataka 16 hadi 24.

Mwongozo wa mahojiano uandikwe baada ya kuchambua hojaji, si siku moja nayo. Hili linaleta tatizo la vibali, kwa kuwa kamati ya maadili inataka kuona kila chombo kabla. Usiwadanganye kwa kuwapa maswali ya kubuni. Waandikie kwamba mwongozo wa awamu ya pili utatokana na awamu ya kwanza, waambatishie rasimu yenye mada kuu, na ahidi kuleta marekebisho kabla ya kurudi uwandani. Kisha utenge muda wa marekebisho hayo kwenye ratiba, pamoja na safari ya barua kutoka mkoani hadi halmashauri, kata na kijiji. Wengi huomba kibali kimoja kwa miezi sita, na awamu ya pili inawakuta kibali kimekufa.

Njia ya pili ni kinyume chake: maneno yatangulie, hojaji ifuate. Hii ni ya pale ambapo hujui watu wanaliitaje jambo unalotaka kulihesabu. Mfano wake mzuri ni afya ya akili. Hojaji inayotumika sana duniani kupima dalili za sonona ina maswali tisa, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Neno "sonona" linafahamika hospitalini na redioni, lakini nenda kaliulize kitongojini uone unavyotazamwa. Watu husema "nina mawazo", "mawazo yananinyima usingizi", "moyo mzito", "sina raha". Ukitafsiri kipimo cha kigeni neno kwa neno ukamuuliza mtu kama "anajisikia yuko chini", atakujibu yuko kwenye mkeka.

Kazi hapo huenda hivi. Hoji watu 12 hadi 15 wakusimulie mtu mwenye hali hiyo anakuwaje, anaonekanaje, majirani wanasemaje. Yaandike maneno yao kama yalivyotamkwa. Kutoka humo tunga maswali, mengi kuliko utakayohitaji, tuseme 25 ili ubaki na 12. Kila swali lisome mbele ya watu 8 au 10 wasiokuwa wa kundi la kwanza, na mwombe kila mmoja akuambie kwa maneno yake amelielewaje. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, ilhali inachukua siku mbili tu. Swali ambalo watatu kati ya kumi wamelielewa vingine linatupwa au linaandikwa upya. Halafu jaribu hojaji nzima kwa watu wapatao 30 nje ya eneo la utafiti, pima kama maswali yanashikana, na kipimo cha ushikamano kikishuka chini ya 0.70 tafuta swali linalokwenda kinyume na mengine. Baada ya hapo ndipo uende kwa mamia.

Hata vipimo vya makubaliano tunavyovipenda, vile vya "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", vinahitaji kupita njia hii. Kwa wazee wengi, kumwambia mgeni "sikubali kabisa" ni utovu wa adabu, hivyo majibu yote hulundikana upande wa kukubali. Changanya kauli chanya na hasi; mtu aliyekubali kwamba wauguzi wanasikiliza na akakubali tena kwamba wauguzi hawasikilizi amekwambia jambo muhimu kuhusu chombo chako. Na uiangalie tafsiri ya neno "kaya". Kwa mdodosaji ni wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kwa mzee mwenye wake watatu na majiko matatu ni nyumba yake yote. Wadodosaji wawili wakilihesabu kila mmoja kwa namna yake, wastani wa watu kwa kaya umeshaharibika, na hakuna programu ya kompyuta itakayolitambua hilo.

Njia ya tatu ni kukusanya vyote kwa wakati mmoja na kuvikutanisha mwishoni. Inaonekana rahisi kwa sababu safari ni moja. Kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mara nyingi pande mbili zinarudi zikipingana, na muda wa kurudi uwandani haupo tena.

Hapa Tanzania tuna kielelezo kikubwa cha kupingana huko. Kuanzia mwaka 1998 mkoani Mwanza mradi wa MEMA kwa Vijana ulijaribu elimu ya afya ya uzazi kwa vijana wa shule za msingi, ukishirikisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, shirika la afya la AMREF, serikali, na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London. Jamii 20 ziligawanywa kwa bahati nasibu, kumi zikapata mafunzo na kumi zikasubiri. Pembeni yake kulikuwa na watafiti wa maelezo walioishi vijijini na vijana, katika vijiji tisa kati ya 1999 na 2002. Tabia ya ngono ya vijana ikatazamwa kwa njia tano: vipimo vya maabara, hojaji ya ana kwa ana, hojaji ya kujaza mwenyewe kwa msaada, mahojiano ya kina, na ushuhudiaji wa mtafiti anayeishi nao. Njia hizo hazikukubaliana. Wapo wasichana waliokutwa na mimba au maambukizi ya zinaa ambao kwenye hojaji walikuwa wamejibu kwamba hawajawahi kujamiiana.

Mtafiti mvivu angeitupa hojaji, au angeyatupa mahojiano. Wao walichapisha mpingano wenyewe kama matokeo: kwamba katika jambo la siri vijana hukana, kwamba kuishi nao kulisaidia zaidi kuielewa hali, na kwamba anayetathmini mradi wa aina hii kwa hojaji peke yake ajihadhari. Tahadhari hiyo ilikuwa na uzito wake, maana tathmini ya mwaka 2001-02 ilionyesha ujuzi wa vijana umeongezeka na majibu yao kuhusu mitazamo yamekuwa mazuri, lakini vipimo vya maabara havikuonyesha upungufu wa uhakika wa maambukizi wala mimba. Kwa hojaji peke yake mradi ungeweza kutangazwa kuwa umefaulu.

Pande mbili zikipingana, basi, kuna mambo ya kukagua kwa mpangilio. Je, waliulizwa watu walewale? Je, muda ni mmoja, au hojaji iliuliza "miezi 12 iliyopita" na mahojiano yakauliza maisha yote? Neno lilikuwa lilelile? Nani aliuliza, kijana wa kiume kwa mama mwenye watoto sita, au mwanamke wa rika lake? Nani mwingine alikuwepo? Kikundi cha majadiliano cha watu sita hadi wanane chenye wakwe na wakamwana pamoja kitakupa maoni ya wakwe tu, na kikiwa kwenye ua wa mwenyekiti kitakupa maoni ya mwenyekiti. Yote yakiwa sawa na bado yanapingana, tafuta shahidi wa tatu, kwa kawaida rejista ya kituo, kisha uandike mpingano wote pamoja na maelezo yako.

Chombo cha kukutanisha ni jedwali moja ambalo nashangaa vyuo vyetu havilidai. Lina safu nne. Ya kwanza ni jambo lenyewe, kwa mfano "sababu ya kuchelewa kliniki". Ya pili ni kilichosemwa na hojaji: wangapi kati ya wangapi walitaja umbali, wangapi gharama. Ya tatu ni kilichosemwa na mahojiano, pamoja na nukuu moja fupi na namba ya mhojiwa. Ya nne ni hukumu ya mtafiti: yanakubaliana, yanaongezeana, yanapingana, au upande mmoja uko kimya. Safu ya nne ndiyo utafiti. Katika mfano wetu mstari wa "umbali" ungeonyesha kwamba hojaji imeutaja sana, huku wahojiwa sita waliokaa karibu na kuchelewa wakizungumzia barua na mwenza, na mmoja wao akisema wazi kwamba alijibu "mbali" kwa kuwa ndilo jibu lisilo na maswali zaidi. Hukumu: yanapingana, neno umbali kwenye hojaji linaficha jambo jingine. Mstari kama huo unamfaa mganga mkuu wa wilaya kuliko kurasa ishirini na tatu za majedwali na nukuu zilizotengana.

Makosa mengine nitayapitia haraka. Kuandika "asilimia 60 ya wahojiwa" wakati waliohojiwa kwa kina ni kumi. Andika sita kati ya kumi, tena pale tu idadi ina maana, kwa sababu hukuwachagua wawakilishe mtu. Kuliita swali la mwisho la hojaji, "Una maoni gani mengine?", kuwa ni utafiti wa maelezo, majibu ya maneno matano si mahojiano. Kumtumia mtu yuleyule kwa kazi zote mbili bila kumfundisha upya. Mdodosaji hufundishwa kusoma swali kama lilivyoandikwa bila kuongeza neno, na msaili hufundishwa kunyamaza, kuhesabu hadi tano moyoni kabla ya swali lifuatalo, maana mtu mara nyingi huendelea kwenye ya tatu au ya nne. Mdodosaji mzuri akipelekwa kwenye mahojiano bila mafunzo huyageuza hojaji yenye sauti. Na kwenye hojaji, angalia kila jioni muda uliorekodiwa na kishikwambi. Hojaji ya dakika 40 iliyokamilika kwa dakika 9 ilijazwa chini ya mwembe.

Muda wa unukuzi ndio unaoua ratiba nyingi. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, na kikundi cha majadiliano hula zaidi kwa sababu watu huongea kwa pamoja. Mahojiano 20 ya dakika 45 ni saa 15 za sauti, yaani saa 60 hadi 90 za kazi, siku 10 hadi 15 kwa mtu mmoja anayefanya saa sita kwa siku bila kuchoka. Mahojiano yakiwa ya Kigogo au Kisukuma, ongeza tafsiri. Chambua katika lugha uliyonukuu, na uhamishie kwenye Kiingereza cha tasinifu zile nukuu tu unazozitumia. Wanaotafsiri kila kitu kwanza ndipo wachambue wanachambua lugha ya mtafsiri.

Kwa wasimamizi wa tasinifu ombi langu ni moja: mwanafunzi akiandika "mkabala mseto" kwenye andiko lake, mwulizeni palepale kipi kinatangulia na kwa nini, na mdai jedwali la safu nne kabla ya kumruhusu kuandika sura ya tano. Akishindwa kueleza, mruhusuni afanye upande mmoja vizuri. Hojaji nzuri peke yake au mahojiano mazuri peke yake ni kazi halali kabisa.

Kwako Mhariri, na kwa waandishi wako: habari ya utafiti inapokuja na asilimia, tafadhali chapisheni pia waliulizwa wangapi, walichaguliwaje, lini, na swali lilisomekaje kwa maneno yake. Hayo yanaingia kwenye mistari mitatu. Mtoa habari akisema mahojiano yalifanyika pia, mwulizeni ni kitu gani mahojiano yalikibadilisha katika kuzielewa takwimu zake, na jibu lake mliweke kwenye habari.

Na kwa vijana walioko uwandani wiki hii, jambo moja la utendaji ambalo mwongozo wa chuo hauna. Mkimaliza na kuzima kinasa sauti, mwenyeji atawasindikiza hadi njiani, ndiyo desturi yetu. Msiharakishe pikipiki. Hapo kwenye mwembe wa njia panda ndipo husikika "lakini mwanangu, ukweli ni kwamba…" Msikilizeni, kisha mwombeni ruhusa: "Mama, hili naweza kuliandika?" Akikubali, liandikeni jioni hiyohiyo kabla ya kulala, pamoja na namba yake, na mweke alama kwamba halikurekodiwa. Akikataa, liacheni.

Msomaji wako,
Mtafiti wa afya ya jamii,
Morogoro